Sauti ya muhami ina mwenyewe: uliza kwanza, ndipo ubonyeze

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Maoni ya muandishi wetu.

Siku ya posho moja, asubuhi, mama mmoja alibisha kwenye lango la kwetu hapa Ndosho. Nilimjua mara moja. Nilimrekodi katika kambi ya wahami ya Bulengo mwanzoni mwa mwaka 2024, nilipokuwa natengeneza habari juu ya ukosefu wa maji. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alibaki amesimama, mtoto mgongoni, akaniuliza: "Papa muandishi, ile siku nilikupatia wimbo wa redio. Nani aliugeuza ngoma ya kucheza kwenye ndoa?"

Jibu nilikuwa nalo. Niliogopa kulitoa.

Mambo yalikwenda hivi. Siku ile kule Bulengo mama huyu alikuwa anatwanga sombe mbele ya kibanda cha shitingi, huku anaimba polepole katika lugha ya kwao, upande wa Masisi. Nilimuomba ruhusa ya kurekodi kwa ajili ya redio, akakubali. Baadaye alinieleza kwamba wimbo ule ni wa mtoto wake aliyefia njiani wakati wa kukimbia vita. Ndani ya wimbo anamuita kwa jina. Nilitumia sekunde 20 katika habari yangu. Sauti nzima ikabaki kwenye kadi ya mashine yangu, pamoja na zingine nyingi.

Miezi kadhaa ikapita. Kijana mmoja wa kartie yetu, fundi wa biti, alinijia na furaha. Alikuwa amenunua Kampala sampla iliyokwisha kutumika. "Yaya," akaniambia, "una sauti za kambi? Nataka kutengeneza kitu cha kwetu, nimechoka kuiga nyimbo za Nijeria." Maneno hayo yalinipendeza. Nikampa kadi nzima. Sikumuuliza atafanya nini nayo, wala sikufikiri kwamba vitu vilivyokuwa ndani yake havikuwa mali yangu.

Kijana aliikata sauti ya mama, akaipandisha mpaka ikawa kama ya mtoto, akaongeza mwendo, akaweka ngoma nzito chini yake. Wimbo ukapendwa. Ulipita telefone kwa telefone, ukapigwa na wamotari, ukafika kwenye sherehe. Wakati huo mama huyu alikuwa anapangisha chumba huku Ndosho, kwa sababu kambi za Bulengo, Lushagala na zingine kandokando ya mji ziliondolewa mwezi wa pili 2025. Akausikia wimbo kwenye ndoa ya jirani. Sauti yake ilikuwa imebadilishwa sana, lakini alijitambua kwa mchi: mapigo matatu, kupumua, mapigo matatu. Kisha akasikia jina la marehemu mwanawe, na watu wanaliitikia kwa kelele wakicheza.

Kosa la kwanza katika habari hii ni langu. Ninaliandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu. Waandishi wa habari, mafundi wa studio, wageni wa mashirika, vijana wenye telefone: wengi wetu tuna sauti za wahami mfukoni, na tunazigawa kama vile tuliziokota barabarani.

Mashine hii ni kitu gani

Kwa wale ambao hawajaiona: sampla ni mashine ndogo ya kunasa sauti na kuipiga kama chombo cha muziki. Nyingi zina vibonyezo 16 vya mpira. Unaunganisha maikrofoni, unabonyeza, sauti inaingia ndani. Unakata mwanzo na mwisho, unabakiza kipande unachotaka, unakifunga kwenye kibonyezo kimoja. Tangu hapo, kila ukigusa pale, sauti ile inatoka. Unaweza kuishusha, kuipandisha, kuigeuza nyuma mbele, kuirudia mara mia. Kukohoa kwa mtu kunaweza kuwa ngoma. Mlango unaofungwa unaweza kuwa besi.

Zamani mashine hizi zilikuwa na nafasi ndogo sana. E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, iliweza kubeba sekunde 10 tu. Mwaka uliofuata kampuni ya Akai ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, nayo ilibeba sekunde 13 hivi. Rap ya Marekani ilikua katika sekunde hizo chache. Leo Roland SP-404MKII, ya mwaka 2021, inaweza kushika kipande kimoja cha dakika kama 16, na inafanya kazi kwa mawe 6 ya redio.

Nataja mawe ya redio kwa makusudi. Kwetu umeme unaenda na kurudi unapotaka. Kompyuta inakufa katikati ya kazi. Intaneti ina bei yake. Mashine isiyohitaji kompyuta wala intaneti, inayoingia kwenye mfuko wa shule, inafaa mji huu. Unaweza kwenda nayo asubuhi kwenye bandari ndogo ya Kituku ukanasa injini za mitumbwi na sauti za mama wanaogombania samaki. Unaweza kukaa Birere ukanasa wauzaji. Unaweza kusubiri chukudu inayoshuka na mzigo wa makala, gurudumu za mbao zikilia juu ya mawe ya volkano. Hakuna mji mwingine wenye sauti ile.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Simpingi kijana huyu wala mashine yake. Msanii Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, amejipatia jina duniani kwa kurekodi sauti za mahali anapoishi na anapopita na kuzifanya muziki. Vijana wa Goma wanaweza pia. Na kuna haraka. Yule ambaye hakurekodi mvua juu ya shitingi za Bulengo hataipata tena Bulengo. Maisha ya maelfu ya familia yalipita pale: bidoni tupu zikigongana kwenye foleni ya maji, watoto wakiimba chini ya hema la shule, wazee wakipiga hadithi usiku kwa lugha za vijiji ambavyo hawakujua kama watavirudia. Familia zimetawanyika. Nani atakumbuka, kama hakuna aliyenasa?

Neno langu ni moja: sauti ya mtu ina mwenyewe, na mwenyewe aulizwe.

Wimbo wa kubembeleza uliozunguka dunia

Mwaka 1970, katika visiwa vya Solomon, mbali kule baharini, mtafiti Hugo Zemp alimrekodi mama mmoja aitwaye Afunakwa. Mama aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto yatima. Sauti yake ikatolewa kwenye sahani ya watafiti. Miaka 22 baadaye, mwaka 1992, kundi la Ufaransa lenye jina Deep Forest likaichukua sauti ile, likaiweka juu ya ngoma za kisasa. Albamu yao ilitangazwa kwa habari za Wabilikimo wa misitu ya Afrika, hata wasikilizaji wengi wakadhani mama yule ni wa huku kwetu. Iliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Mwaka 1996 Zemp alilalamika kwa maandishi. Afunakwa hakuwahi kuulizwa.

Tazameni njia ambayo sauti ile ilipita. Mama alimpa mtafiti. Mtafiti akaipeleka kwenye sahani. Sahani ikafika kwa wanamuziki. Kila mmoja alipokea kutoka kwa mwenzake, na kila mmoja angeweza kusema: mimi sikuiba, nilipewa. Ni sawasawa na kadi yangu. Niliitoa mkono kwa mkono, na hakuna aliyerudi nyuma mpaka kwa yule aliyekuwa anatwanga sombe.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 1969 kundi la The Winstons lilirekodi wimbo Amen, Brother. Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman anapiga peke yake kwa sekunde 7 hivi. Sampla zilipokuja, sekunde hizo zilikatwa na kutumiwa katika maelfu ya nyimbo, na muziki wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1990 ulijengwa juu yake. Coleman alikufa mwaka 2006, maskini, bila nyumba ya kulala. Mwaka 2015 mashabiki walichanga pauni zipatazo 24,000 wakampa kiongozi wa kundi, Richard Spencer. Walifanya vizuri, lakini mpiga ngoma alikuwa ameshazikwa.

Kuna pia mfano wa sauti iliyorudi. Hugh Tracey alizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi. Mwaka 1950 alipita kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1952 alifika Kongo ya Wabelgiji, akarekodi Wanande na Wambuti kandokando ya msitu wa Ituri. Mwaka 1954 alianzisha hazina ya muziki wa Afrika ambayo leo iko Makhanda, Afrika ya Kusini, na sauti hizo zimetunzwa kule. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodi, watu wa hazina hiyo na washirika wao walichukua nakala za nyimbo za Wakipsigis wakazirudisha Kenya, kwa familia za walioimba. Watu walisikia wazazi wao. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu mbili ndogo tu: sauti ya asili ilitunzwa nzima, na mtu aliandika ni ya nani, wapi na lini.

"Ndiyo" ya kambini

Najua majibu ya vijana, maana tumebishana sana. La kwanza: "Mama alikubali kurekodiwa." Ndiyo, alikubali redio. Hakukubali ndoa. Na tuseme ukweli wa kambi: mtu aliyeandikishwa jina mara kumi akingoja jetoni ya unga, akimuona mgeni na kitabu au mashine, atasema ndiyo. Anafikiri labda ni msaada. Anaogopa kwamba akikataa jina lake litafutwa mahali fulani. "Ndiyo" hiyo si sawa na ya mtu aliyekaa nyumbani kwake, mlango ukiwa wake. Kwa hiyo sisi tunaouliza tuna kazi ya ziada: tueleze vizuri, na tumwambie wazi kwamba akikataa hapotezi kitu.

La pili: "Hakuna pesa katika nyimbo hizi." Ni kweli. Kijana wetu alipata dola chache za kuchezesha muziki kwenye sherehe mbili tatu, basi. Lakini mama hakuja kwangu kudai dola. Alikuja kwa sababu ya jina la mtoto. Wengine wana hofu nyingine. Katika jimbo letu, lugha peke yake inaonyesha mtu ametoka wapi. Kijiji kikitajwa, au mtu akielezea nani alimfukuza, sauti hiyo ikizunguka kwenye telefone inaweza kumletea hatari ambayo fundi wa biti hataijua kamwe. Kupandisha sauti si kuficha mtu. Mama yule alijitambua kwa mapigo ya mchi tu.

La tatu: "Basi tuache kurekodi wahami kabisa." Hapana. Hilo ni kuwafunga mdomo mara ya pili. Familia nyingi zilipoteza nyumba, mashamba, mbuzi, picha za ndoa. Zilikimbia na nyimbo zao. Kuziacha zife kwa sababu sisi ni wavivu wa kuuliza, hiyo pia ni hasara.

Sheria ipo. Sheria ya nchi nambari 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda haki za watunzi na za wale wanaoimba na kupiga. Lakini kila mtu wa Goma anajua kwamba leo mama wa Ndosho hatapata njia rahisi ya kwenda mbele ya hakimu kwa ajili ya biti. Ndiyo maana mapatano yafanyike mapema, kati ya watu wanaotazamana.

Tufanye namna gani

Napendekeza tofauti moja nyepesi. Sauti ya vitu vya barabarani, yaani mvua, chukudu, injini, soko linalosikika kwa mbali, ni ya mji wote. Chukua, kata, cheza. Sauti ya mtu unayeweza kumuonyesha kwa kidole ni yake. Hapo kuna mambo ya kufuata.

Uliza mashine ikiwa imezimwa, kwa lugha ambayo anaielewa. Usirekodi kwanza ndipo uombe. Sema itatumika wapi: redio, wimbo, kuuza, kutuma nje ya nchi. Ruhusa ya kimoja si ruhusa ya vyote. Ukibadilisha mpango, rudi uulize tena.

Msikilizishe hapohapo. Mpe visikilizio avae masikioni. Wengi hawajawahi kusikia sauti yao vizuri. Akisikia, ndipo atajua anatoa nini, na mara nyingi atakwambia: toa pale, acha hapa. Jina la marehemu, la mtoto, la kijiji, la wenye silaha: toa, isipokuwa yeye mwenyewe anataka libaki.

Rekodi vizuri, maana hiyo pia ni heshima. Weka maikrofoni karibu, kama urefu wa mkono. Mkinge na upepo wa ziwa kwa kitambaa. Subiri jenereta la jirani lizimwe. Usiache kipimo kigonge rangi nyekundu, maana sauti iliyopasuka haiponi. Ukimaliza, nasa sekunde 10 za kimya cha mahali pale. Zitakusaidia wakati wa kukata.

Tunza ile ya asili. Kabla ya kukata chochote, weka sauti nzima mahali pengine, na uandike tarehe, mahali, lugha, na matumizi mliyopatana. Kisha muachie mwenyewe nakala siku hiyohiyo, kwa Bluetooth kwenye telefone yake au ya mtoto wake. Haigharimu hata franga moja.

Kama kuna pesa, gawa. Andikeni karatasi moja mbele ya shahidi: kiasi gani, na nani ataitwa siku wimbo ukilipa. Kama hakuna pesa, taja mchango wake kwa namna anayoitaka yeye. Mwingine atataka jina lake lisikike. Mwingine atasema: sema tu mama wa Masisi.

Redio za jamii nazo zina kazi hapa. Zina kabati zilizojaa sauti za miaka mingi. Zisitoe kadi nzima kwa mtu, kama nilivyofanya mimi. Ombi likija, litazamwe sauti kwa sauti. Na ninyi familia zilizohamishwa, mna haki ya kumuuliza yeyote anayewaelekezea mashine: hii inakwenda wapi? Mna haki ya kusema hapana, hata kwa mtu aliyekuja na gari la shirika. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kilichobaki

Nilimpeleka mama kwa kijana. Tulikaa watatu kwenye mkeka, sampla katikati. Kijana alikuwa na aibu kubwa. Hakujua maana ya maneno, wala hakujua kwamba neno alilolirudia mara nane lilikuwa jina la mtu. Alimuomba mama msamaha kwa magoti. Akabonyeza, akalifuta jina mbele yake.

Kisha mama akauliza jambo ambalo hatukulitazamia. Alitaka wimbo wote, ule mrefu, kama alivyouimba siku ile. "Siku hizi siwezi kuuimba tena," akasema, "nilitaka niusikie tu." Kijana akanitazama, mimi nikamtazama. Kadi ilikuwa imejaa, alishaifuta zamani ili apate nafasi. Mimi sikuwa na nakala. Kumebaki vipande vinne kwenye vibonyezo vinne. Kirefu kuliko vyote kina sekunde 6.

Tulimuuliza kama angependa kuurekodi upya. Akakataa. Alisema wimbo ule ni wa siku ile. Lakini alitukubalia mchi. Siku ya pili yake alikuja na kinu cha jirani, akatwanga sombe ya chakula cha jioni, sisi tukanasa. Akasikiliza masikioni, akacheka kidogo, akasema mapigo ya mwisho ni mabaya, tuyatoe. Tukayatoa. Ile ya asili iko sasa mahali patatu, na moja ni telefone ya binti yake.

Wimbo wa zamani bado unazunguka. Hatuwezi kuurudisha kutoka kwenye telefone za watu. Basi ninawaomba ninyi mnaosoma na mnaotusikiliza: kama mnao ule wimbo wa mchi ambao ndani yake jina la mtoto linaitwa na kurudiwa, ufuteni. Kijana ametoa mwingine usio na jina. Huo ndio mama ameukubali.